Jina la Mzazi, Kazi ya Mwajiriwa: Wazazi wa Nyumba katika Makao ya Kikristo ya Watoto kutoka Hamburg hadi Bridge of Weir, 1833–1948

1. Utangulizi

Historia ya makao ya Kikristo ya watoto barani Ulaya imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya waasisi wake. Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, George Müller wa Bristol, Thomas Barnardo wa London, William Quarrier wa Glasgow na Thomas Bowman Stephenson wa Kanisa la Methodisti wamepewa wasifu, sanamu na majina ya mitaa. Hata hivyo, mtoto aliyelelewa katika makao hayo hakuamshwa asubuhi na mwasisi. Aliamshwa, akavalishwa, akalishwa, akafundishwa sala na akaadhibiwa na mtu mwingine, ambaye mara nyingi jina lake halimo katika vitabu hivyo. Makala hii inamhusu mtu huyo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mfumo wa nyumba ndogo, ambao katika karne ya 19 ulisifiwa kuwa dawa ya ubaridi wa makao makubwa, uliweka hatima yote ya mtoto mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Pale ulipoanzia, mfumo huo ulikuwa na sehemu mbili zisizotengana: udogo wa kaya na mafunzo ya mlezi yaliyoambatana na usimamizi wa karibu. Ulipoenea Uingereza na Uskoti, wengi walichukua sehemu ya kwanza na kuipuuza ya pili. Majengo yalionekana na wafadhili, mafunzo hayakuonekana. Matokeo ya pengo hilo yalichukua zaidi ya karne moja kukiriwa hadharani.

2. Istilahi na tatizo la vyanzo

Neno mlezi katika Kiswahili lina upana mkubwa. Linamhusu bibi, shangazi, yaya, mwalimu na hata mfadhili. Katika makala hii istilahi wazazi wa nyumba inatumika kwa maana finyu: watu walioajiriwa au kujitolea kuishi ndani ya nyumba moja ya makao pamoja na kundi la watoto wasio wao, wakiitwa baba na mama, na wakiwajibika kwa uongozi wa makao. Maana hiyo inabeba mkinzano. Mzazi hawezi kuacha kazi, wala hafukuzwi. Mwajiriwa huweza yote mawili. Mzazi halipwi, mwajiriwa hulipwa, hata kama ni kidogo. Mkinzano huu haukuwa kasoro ya bahati mbaya katika mfumo, bali ndio uliokuwa kiini chake.

Vyanzo vya kumchunguza mtu huyu vina upungufu wa namna yake. Taarifa za kila mwaka za makao, kama zile ambazo Quarrier alizichapisha kwa Kiingereza kwa jina la Simulizi la Mambo ya Kweli, ziliandikwa ili zisomwe na watoaji wa sadaka. Zinahesabu fedha zilizopokelewa, watoto waliookolewa na majengo yaliyoinuliwa. Wafanyakazi hutokea humo kama watumishi waaminifu wa Bwana, mara nyingi bila sauti yao wenyewe. Kwa upande mwingine, ushuhuda wa watu waliolelewa humo, uliokusanywa miongo mingi baadaye na tume za uchunguzi, unawataja wafanyakazi kwa kina, ila hasa kwa sababu ya madhara waliyotenda. Mwanahistoria anajikuta kati ya sifa zisizo na mtu na tuhuma zenye mtu. Njia inayofaa ni kuisoma miundo yenyewe: idadi ya watoto kwa mlezi, muda wa kazi, sifa zilizodaiwa, na nani aliyekuwa na haki ya kufungua mlango wa nyumba na kuuliza.

3. Hamburg: nyumba ndogo na Ndugu waliofundishwa

Mnamo Septemba 1833 mkutano wa raia wa Hamburg uliidhinisha kuanzishwa kwa makao ya watoto waliotelekezwa au kupotoka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Wichern, kijana wa miaka 25 aliyesomea teolojia, alihamia pamoja na mama yake katika nyumba ya zamani iliyoitwa Rauhes Haus, katika kijiji cha Horn nje ya mji. Kiwanja kilitolewa na Karl Sieveking, kiongozi wa serikali ya mji huo. Kufikia mwisho wa mwaka kulikuwa na wavulana 12. Idadi hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha kile ambacho Wichern alikiita familia. Watoto walipoongezeka, hakuipanua nyumba, alijenga nyingine.

Uamuzi huo ulileta swali la papo hapo: nani ataongoza kila nyumba mpya? Wichern na mama yake hawakuweza kuwa katika nyumba zote. Msaidizi wa kwanza alifika mwaka 1834, na kutokana na wasaidizi wa aina hiyo ilikua taasisi nzima ya walioitwa Ndugu. Wengi wao walikuwa vijana mafundi wa kazi za mikono, si wasomi. Waliishi na watoto, wakafanya nao kazi bustanini na karakanani, na wakati huohuo walijifunza Biblia, historia, uandishi na ualimu. Walizungumza na Wichern mara kwa mara kuhusu kila mtoto aliyekuwa chini yao. Baada ya miaka kadhaa walitumwa kuongoza makao mengine, kuhudumu magerezani au kufanya umisionari wa mijini.

Kwa hiyo Rauhes Haus ilikuwa makao ya watoto na chuo cha walezi kwa pamoja. Ndugu hakuachwa peke yake na watoto 12 akiwa na imani yake tu. Alikuwa mwanafunzi anayesimamiwa. Hotuba maarufu ya Wichern huko Wittenberg mwaka 1848, iliyochochea harakati iliyoitwa Misheni ya Ndani miongoni mwa Waprotestanti wa Ujerumani, ilitoka kwa mtu aliyekuwa tayari na miaka 15 ya uzoefu wa kuandaa watumishi wa namna hiyo.

Mgeni mmoja alielewa jambo hilo vizuri. Frédéric-Auguste Demetz, hakimu wa Ufaransa, aliitembelea Rauhes Haus kabla ya kuanzisha koloni la wavulana wahalifu huko Mettray, karibu na Tours. Mwaka 1839 alifungua kwanza shule ya kuwaandaa wasimamizi, na wavulana wa kwanza wakapokelewa mwanzoni mwa 1840. Mettray ilikuwa ya adhabu, na nidhamu yake ilifanana na ya kijeshi. Haiwezi kuwekwa katika kundi moja na makao ya yatima. Lakini mpangilio wake wa hatua, mlezi kwanza na mtoto baadaye, unathibitisha kwamba watu wa wakati ule waliweza kuliona jambo ambalo wengine hawakulifuata.

4. Uingereza: kutoka jumba kubwa hadi kijiji

Nchini Uingereza kielelezo kilichotawala katikati ya karne kilikuwa jumba kubwa. Müller, Mprusia aliyesoma Halle na kuhamia Bristol, alifungua makao yake ya kwanza katika nyumba ya kupanga mwaka 1836. Mwaka 1849 alihamishia kazi yake Ashley Down katika jumba la watoto 300, na kufikia 1870 kulikuwa na majumba matano yenye nafasi ya watoto 2,050. Humo mtoto alihudumiwa na matroni, walimu na wauguzi waliogawana majukumu. Hapakuwa na dai kwamba yeyote kati yao ni mama yake. Walipata chakula, mavazi na elimu iliyozidi ile ya watoto wengi maskini wa wakati huo, lakini walipata hayo kwa safu na kwa kengele.

Barnardo alianza kwa njia isiyotofautiana sana na hiyo. Makao yake ya wavulana yalifunguliwa Stepney, mashariki mwa London, mwaka 1870. Mwaka 1873, mwaka aliooa, alianza kuwapokea wasichana huko Barkingside, katika kaunti ya Essex, akiwaweka wote chini ya paa moja. Hakuridhika na matokeo. Aliona kwamba wasichana waliokusanywa kwa wingi waliambukizana tabia badala ya kurekebishwa, na kwamba hawakujifunza maisha ya nyumbani ambayo baadaye wangeyahitaji kama watumishi au wake. Mwaka 1876 kilifunguliwa kijiji cha wasichana: nyumba ndogo kuzunguka uwanja wa majani, kila moja ikiwa na takriban wasichana 20 wa umri mbalimbali chini ya mwanamke aliyeitwa mama. Barnardo alipofariki mwaka 1905 kijiji hicho kilikuwa na wasichana zaidi ya 1,000.

Mama wa Barkingside alikuwa mpishi, mwalimu wa kazi za nyumbani, muuguzi wa usiku, kiongozi wa sala na msimamizi wa nidhamu. Sifa zilizotafutwa kwake zilikuwa hasa za kiroho na za mwenendo: mwanamke Mkristo, mwenye kiasi, mwenye kujitoa. Sifa hizo si ndogo, wala makala hii haizidharau. Pasipo imani ni vigumu kueleza kwa nini mtu angekubali kuishi mchana na usiku na watoto 20 wa wengine kwa ujira mdogo. Lakini imani humpa mtu sababu ya kuianza kazi. Haimfundishi namna ya kumtuliza mtoto anayekojoa kitandani kwa hofu, wala haimwambii ni lini amechoka kiasi cha kuwa hatari kwa wengine.

5. Bridge of Weir: baba, mama na watoto 30

Quarrier, mfanyabiashara wa viatu aliyekulia katika umaskini mkubwa wa Glasgow, aliufikisha mfumo huu katika kilele chake. Makao ya Yatima ya Uskoti yalifunguliwa karibu na Bridge of Weir mwaka 1878. Yalikuwa kijiji kamili, chenye nyumba, shule na kanisa. Tofauti yake na Barkingside ilikuwa nafasi aliyoipa jozi ya baba na mama wa nyumba. Baba mara nyingi alikuwa na kazi nyingine ya ufundi au ya ukulima kijijini humo, na mama akabaki na shughuli za ndani. Nyumba moja ilichukua takriban watoto 30.

Idadi hiyo yafaa kutazamwa kwa hesabu rahisi. Watoto 30 wakila mara tatu kwa siku ni sahani 90. Kwa juma ni sahani 630. Kila mtoto akibadili nguo mara mbili tu kwa juma, ni mavazi kamili 60 ya kufua, kupiga pasi na kushona vifungo. Hata kama watoto wakubwa walisaidia, na walisaidia sana, mama wa nyumba angempa kila mtoto dakika 10 za mazungumzo ya peke yao kwa siku pale tu ambapo angetenga saa tano nzima kwa kazi hiyo. Kaya ya Wichern ilikuwa na watoto 12. Kaya ya Quarrier iliitwa familia vilevile, ingawa ilizidi maradufu. Neno lilibaki palepale huku kitu chenyewe kikibadilika.

Mambo matatu yalizidisha uzito wa hali hiyo. Kwanza, hapakuwa na zamu. Mzazi wa nyumba aliishi kazini, na mlango wa chumba chake ulikuwa ndani ya mahali pa kazi. Pili, kila nyumba ilijiendesha yenyewe. Uhuru huo ulitetewa kwa hoja nzuri: familia halisi haikaguliwi kila siku. Lakini ndio uliofanya tabia ya watu wawili kuwa sheria pekee ya watoto 30. Palipokuwa na mama mwema, watoto walikuwa na utoto wenye upendo, na wapo waliomkumbuka kwa shukrani hadi uzeeni. Palipokuwa na mama mkatili, mtoto hakuwa na mtu wa kumwendea, kwa kuwa wa kumwendea ndiye aliyemwogopa. Tatu, undugu huo ungeweza kukatwa kwa uamuzi wa ofisi. Quarrier na Barnardo walipeleka maelfu ya watoto Kanada kufanya kazi mashambani na majumbani. Mtoto aliyefundishwa kumwita mtu mama aliweza kuondolewa kwake na kuvushwa bahari, na mama huyo hakuwa na haki ya mzazi ya kumzuia.

6. Njia iliyokuwepo lakini haikufuatwa na wengi

Ingekuwa si haki kuwahukumu waasisi hawa kwa vipimo vya leo iwapo wakati wao haukuwa na njia nyingine. Lakini njia ilikuwepo, na si Hamburg pekee. Stephenson, mchungaji wa Kimethodisti, alianzisha makao yake Lambeth, kusini mwa London, mwaka 1869, akitumia mfumo wa nyumba ndogo. Aliyafahamu matendo ya Wajerumani, pamoja na yale ya Kaiserswerth ambako Theodor Fliedner tangu 1836 alikuwa akiwaandaa wanawake wa Kiprotestanti kwa utumishi wa wagonjwa na maskini. Mwaka 1878 Stephenson alianza kuwaandaa wanawake walioitwa Masista wa Watoto. Mwaka 1890 alianzisha pia utaratibu wa mashemasi wa kike wa Kimethodisti.

Umuhimu wa hatua hiyo hauko katika ubora wa mtaala wake, ambao kwa viwango vya baadaye ulikuwa mwepesi. Umo katika dhana: kwamba kumlea mtoto wa mwenzio ni kazi yenye maarifa yake, na kwamba wito wa Mungu na maandalizi havipingani. Masista walikuwa na cheo, mavazi rasmi na wenzao wa kushauriana nao. Hawakuwa wanawake waliotawanyika, kila mmoja nyuma ya mlango wake.

Kwa nini njia hiyo haikuenea? Sababu mojawapo ni ya kifedha. Makao haya yaliishi kwa michango, na Müller na Quarrier walifanya kuwa kanuni kutomwomba mtu fedha, bali kumwomba Mungu pekee. Mfadhili angeweza kutoa nyumba nzima na kuiona imesimama; ni vigumu zaidi kumwonyesha mfadhili miaka miwili ya mafunzo. Sababu ya pili ni ya kifikra. Malezi yalihesabiwa kuwa kipawa cha asili cha mwanamke, hivyo kumfundisha mwanamke kulea kulionekana sawa na kumfundisha kupumua. Sababu ya tatu ni ya kiroho. Katika mazingira ambamo mwasisi mwenyewe alijivunia kuitwa bila kusomeshwa, kudai vyeti kwa watumishi wake kungeonekana kama upungufu wa imani.

7. Kukiriwa kwa tatizo, 1944–1948

Mwezi Julai 1944 gazeti la The Times lilichapisha barua ya Marjory Allen, mtetezi wa watoto, iliyolalamikia hali ya watoto waliokulia katika makao. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa hali ya wafanyakazi wenyewe: kwamba wengi wao walilemewa na kazi, walilipwa kidogo na hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mbele ya umma mpana, ustawi wa mtoto na hali ya mlezi wake viliwekwa pamoja. Januari 1945 Dennis O'Neill, mtoto wa miaka 12 aliyewekwa na serikali ya mtaa katika familia ya shambani huko Shropshire, alikufa kwa kipigo na kutotunzwa. Kifo hicho hakikutokea katika makao, lakini kiliongeza nguvu ya madai ya uchunguzi.

Kamati iliyoongozwa na Myra Curtis iliteuliwa mwaka huohuo. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni mpangilio wa kazi yake. Kabla ya kutoa taarifa yake kamili mwaka 1946, kamati ilitoa taarifa ya awali iliyohusu suala moja tu: mafunzo ya walezi wa watoto. Kamati iliona kwamba mapendekezo mengine yote yangekuwa maneno matupu pasipo watu wa kuyatekeleza. Taarifa kamili ilieleza kwamba ukatili wa wazi haukuwa jambo la kawaida katika makao yaliyotembelewa. Kilichokuwa cha kawaida kilikuwa ukavu wa maisha na kukosekana kwa mtu anayemjali mtoto mmojammoja. Ilipendekeza familia za kulea, na pale ambapo makao hayakuepukika, vikundi vidogo vya watoto wasiozidi 12. Idadi ya Wichern ilikuwa imerudi baada ya miaka 113. Mwaka 1947 liliundwa baraza la kusimamia mafunzo hayo, na Sheria ya Watoto ya 1948 ikaweka maofisa wa watoto katika serikali za mitaa na kudai makao ya hiari yasajiliwe.

Sheria hiyo haikufungua kila mlango. Tume ya Uchunguzi wa Ukatili dhidi ya Watoto ya Uskoti, chini ya Jaji Lady Smith, ilitoa Januari 2020 matokeo yake kuhusu makao ya Quarrier, Barnardo na Aberlour kwa kipindi cha 1921 hadi 1991. Ilithibitisha kwamba watoto walipigwa, walidhalilishwa na wengine kunajisiwa, na kwamba taratibu kali zisizo na huruma zilikuwa jambo la kawaida kwa wengi. Kipindi hicho kinaendelea zaidi ya miaka 40 baada ya 1948. Usajili wa makao ni jambo moja. Kujua kinachotendeka jikoni na chumbani saa tatu usiku ni jambo jingine.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba historia ya wazazi wa nyumba haiwezi kugawanywa kati ya watakatifu na wakatili. Muundo uliowapa baadhi yao nafasi ya kupenda kwa dhati ndio huohuo uliowapa wengine nafasi ya kuumiza bila kuulizwa. Waliotenda uhalifu wanawajibika kwa matendo yao. Lakini taasisi zilizomkabidhi mtu mmoja watoto 20 au 30, zikampa jina la mama, zikamnyima mafunzo, mapumziko na mtu wa kumsikiliza, nazo zina sehemu yao, hata kama waasisi wake walikuwa watu wa sala.

Matokeo haya yanaweza kuwafaa watafiti wa makao ya watoto katika Afrika Mashariki, ambako makao mengi yameanzishwa na makanisa na ambako sheria, kama vile Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inadai leseni kwa makao. Historia iliyochunguzwa hapa inashauri kwamba utafiti usiishie kwenye majengo, idadi ya watoto na jina la mfadhili. Uulize pia mlezi ni nani, alifundishwa wapi, analala saa ngapi, ana watoto wangapi, hukaa miaka mingapi kabla ya kuondoka, na mtoto humweleza nani iwapo anayemwogopa ni mlezi huyohuyo. Maswali hayo yangeweza kuulizwa Barkingside mwaka 1876 na Bridge of Weir mwaka 1878, kwa kuwa majibu yake yalikuwa yameanza kupatikana Hamburg tangu miaka ya 1830.